Tatizo moja, viini vingi: jinsi ya kutatua modeli kubwa za uboreshaji kwa ukokotoaji sambamba

Swali hili linanijia karibu kila wiki, na maneno yake hayabadiliki sana: "Nimepewa seva yenye viini 32. Nimeiambia solva itumie nyuzi 32. Mbona modeli yangu bado inakesha?" Solva ni programu inayotafuta jibu bora la modeli; viini ni sehemu za prosesa zinazofanya hesabu, na nyuzi ni mikondo ya kazi inayoendeshwa juu ya viini hivyo kwa wakati mmoja. Anayeuliza huwa ni mwanafunzi wa uzamili anayekimbizana na tarehe ya kuwasilisha, au mhandisi aliyeagizwa apange safari za malori, zamu za wauguzi au mahali pa kujenga maghala. Nimelijibu vipande vipande kwa miaka, na kila mara kuna kitu nasahau. Safari hii naliandika lote.

Jibu la haraka: solva nyingi za bure hazina uwezo wa kugawa kazi ya namna hiyo kwa viini 32, na zile zenye uwezo zinahitaji tatizo linalogawanyika. Nguvu ya viini vingi unaipata kwa njia nne au tano tofauti, na njia ipi inakufaa utaijua baada ya kuliendesha tatizo kwa uzi mmoja na kusoma logi yake. Kwa hiyo usiruke hatua ya 3.

Nitatumia HiGHS, solva ya chanzo huria iliyotoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, yenye leseni ya MIT. Nimeichagua kwa sababu inasakinishwa kwa amri moja, haidai ufunguo wa leseni, na inatatua aina zote mbili ambazo wengi wenu mnazo: modeli za mstari (LP) na modeli zenye vigeu vya namba kamili (MIP). Kuelekea mwisho nitagusa programu zinazofanya kazi kwenye klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye viini 4 au zaidi na RAM isiyopungua GB 8. Linux ni rahisi zaidi, Windows pia inafaa.
- Python 3 pamoja na pip.
- Modeli yako ikiwa kwenye faili la muundo wa MPS au wa LP. Zana za kuandikia modeli kama Pyomo, PuLP na JuMP zinaweza kukuandikia faili hilo.
- Matatizo matatu ya mazoezi kutoka MIPLIB 2017, mkusanyiko wa matatizo 1,065 ambao watengenezaji wa solva hupimia kazi zao: air05, pk1 na markshare_4_0. Yanapakuliwa bure; yafungue kwa gunzip upate faili za .mps.
- Daftari, la karatasi au la kompyuta. Kila jaribio liandikie tarehe, idadi ya nyuzi, mbegu (namba inayoongoza chaguo za nasibu za solva), muda, jibu na pengo. Bila daftari, baada ya majaribio kumi hutajua lipi lilisaidia.

Maneno yatakayojirudia ni manne. Vigeu ni maamuzi yanayotafutwa. Masharti ni mipaka ya maamuzi hayo. Lengo ni kile unachopunguza au kuongeza, kwa mfano gharama. Pengo ni umbali kati ya jibu bora lililopatikana na mpaka ambao solva imethibitisha kwamba hakuna jibu linaloweza kuuvuka. Pengo likifika sifuri, kazi imekwisha na jibu lina ushahidi.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Kwenye Linux andika:

```
lscpu
free -h
```

Kwenye lscpu tazama mistari miwili: "Core(s) per socket" na "Thread(s) per core". Ukikuta 4 na 2 kwenye mashine ya soketi moja, una viini halisi 4, hata kama amri ya nproc inakwambia 8. Zile nyingine nne ni nyuzi zinazoazima kiini kilekile. Hesabu za uboreshaji huchota data kwenye RAM bila kupumzika, na nyuzi mbili zinazogombania kiini kimoja na njia moja ya kumbukumbu mara nyingi huongeza kidogo sana, au hupunguza kabisa. Anza kwa kuhesabu viini halisi.

Ukitumia laptopu, ichomeke kwenye umeme na iweke juu ya meza ngumu. Laptopu iliyopata joto hupunguza kasi yake yenyewe, nawe utadhani programu ndiyo mbovu.

Hatua ya 2: Sakinisha

```
python3 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate
pip install highspy
```

Hapo umemaliza.

Hatua ya 3: Endesha kwa uzi mmoja, kisha kaa chini usome logi

```
import highspy

h = highspy.Highs()
h.setOptionValue("threads", 1)
h.setOptionValue("time_limit", 600.0)
h.readModel("air05.mps")
h.run()

i = h.getInfo()
print(h.modelStatusToString(h.getModelStatus()))
print(i.objective_function_value, i.mip_gap, h.getRunTime())
```

air05 ni tatizo la kupanga wafanyakazi wa ndege: masharti 426, vigeu 7,195. Jibu lake bora ni 26374. Ukipata namba hiyo, usakinishaji wako uko sawa.

Sasa endesha markshare_4_0 kwa skripti ileile. Lina vigeu 34 na masharti 4 tu; unaweza kuliandika lote kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Jibu bora ni 1. Tazama linavyosumbua: mpaka wa chini unaganda kwenye 0 huku nodi zikihesabiwa kwa maelfu, kisha kwa mamia ya maelfu. Nodi ni vipande ambavyo solva huligawa tatizo, tawi kwa tawi, na vyote pamoja huitwa mti. Zoezi hili nampa kila mwanafunzi wangu siku ya kwanza, kwa sababu linaondoa dhana kwamba ukubwa wa faili ndio ugumu wa tatizo. Baada ya hapo jaribu pk1, lenye vigeu 86 na jibu 11, uone tabia inayofanana nalo.

Logi ya MIP ina safu nyingi, lakini wewe zifuate tatu: BestBound (mpaka), BestSol (jibu bora) na Gap (pengo), pamoja na safu ya muda upande wa kulia. Utaona moja ya sura hizi.

Sura ya kwanza: muda mwingi unaishia kabla ya nodi ya kwanza. Solva inahangaika na LP ya mzizi, yaani modeli yako bila sharti la namba kamili. Majaribio ya hatua ya 5 yatakuonyesha njia ipi inaiweza LP hiyo; ila kumbuka kwamba ukitaja "solver" kwa MIP, HiGHS hupuuza sharti la namba kamili, kwa hiyo jibu la majaribio hayo si mpango wako wa mwisho.

Sura ya pili: BestBound inapanda taratibu, lakini BestSol haipo au ni mbaya. Solva haipati majibu mazuri. Mashindano ya mbegu, hatua ya 6, husaidia sana hapa. Na kama una mpango unaotumika sasa hivi kazini, hata kama si mzuri, mpe solva aanze nao.

Sura ya tatu: BestSol ilipatikana mapema na haijabadilika kwa saa nzima, ila BestBound haisogei. Jibu lako huenda tayari ni bora, kinachokosekana ni uthibitisho. Hii ndiyo sura inayokula viini vingi kuliko zote. Kabla hujatafuta klasta, jiulize kama unahitaji uthibitisho huo kweli.

Hatua ya 4: Punguza uzito kabla ya kuongeza wabebaji

Niliwahi kutumia siku nne kwenye seva ya kazini nikijaribu nyuzi 8, 16, kisha 24 kwa modeli moja ya ratiba. Mwenzangu aliposoma faili langu aliona kwamba nilikuwa nimeweka namba milioni moja kwenye sharti la "ikiwa gari halitumiki, lisibebe kitu". Gari kubwa kuliko yote lilibeba tani 30. Nikaweka 30 badala ya 1,000,000, na modeli ikaisha kabla chai haijapoa, kwa uzi mmoja.

Sababu yake ni rahisi. Namba kubwa hivyo inailegeza LP, mpaka unakuwa dhaifu, na mti unalazimika kukua. Tena kuna hatari kubwa zaidi: HiGHS inakubali kasoro ya 0.000001 kwenye vigeu vya namba kamili. Zidisha kasoro hiyo kwa milioni moja, unapata 1. Yaani gari "lisilotumika" linaweza kubeba tani nzima na solva ikasema kila kitu ni halali.

Basi fanya haya matatu. Kila namba kubwa ya kufunga na kufungua ibadilishe iwe ndogo kadiri sharti linavyoruhusu. Kama una malori kumi yanayofanana kabisa, ongeza masharti ya kuyapanga kwa zamu, la kwanza litumike kabla ya la pili, ili solva isichunguze mpango uleule kwa majina tofauti. Kisha weka pengo linaloendana na data yako:

```
h.setOptionValue("mip_rel_gap", 0.01)
```

Pengo la kawaida la HiGHS ni 0.0001, yaani asilimia 0.01. Kama makadirio yako ya mahitaji yanaweza kukosea kwa asilimia 10, kumlipia mtu umeme wa siku mbili ili apate asilimia 0.01 hakuna maana. Asilimia 1 inatosha.

Hatua ya 5: Modeli za mstari, na LP nzito ya mzizi

Kama modeli yako ni LP tupu, una njia tatu, na hakuna anayeweza kukuambia mapema ipi itashinda. Zijaribu zote.

```
h.setOptionValue("solver", "simplex")
h.setOptionValue("parallel", "on")
h.setOptionValue("threads", 4)
```

Hii inaruhusu simpleksi ya HiGHS kugawa kazi ya ndani kwa nyuzi. Usitarajie nyuzi 8 zilete kasi mara 8. Simpleksi inakwenda hatua kwa hatua, na kila hatua inategemea iliyotangulia.

Njia ya pili ni "ipm", inayopita katikati ya umbo la majibu yanayoruhusiwa badala ya kutambaa kwenye kingo zake kama simpleksi. Kwa LP kubwa mara nyingi inafika haraka, kisha inatumia muda mrefu kusafisha jibu liwe la pembeni, yaani kwenye kona ya umbo hilo. Kama unataka thamani ya lengo tu na hujali jibu liko pembeni au katikati, zima usafishaji huo kwa kuweka "run_crossover" kuwa "off".

Ya tatu ni "pdlp", iliyotokana na kazi ya watafiti wa Google iliyochapishwa 2021. Inatumia kuzidisha matriki na vekta tu, ndiyo maana inapendwa kwenye kadi za GPU. Usahihi wake ni wa chini kidogo, na kwa modeli ndogo haina faida.

Njia ninayoipenda mimi, hasa ninapopewa modeli nisiyoifahamu: fungua terminali tatu, kila moja iendeshe njia yake kwa uzi mmoja, na itakayomaliza kwanza ndiyo unayobaki nayo. Huu nao ni usambamba, tena wa uhakika.

Onyo: HiGHS huanzisha mpangaji wa nyuzi mara moja tu. Ukibadilisha "threads" ndani ya skripti ileile baada ya run ya kwanza, itakataa na kukuambia mpangaji ameshaanza. Funga skripti uanze upya, au ita resetGlobalScheduler kwanza. Pia, usipotaja idadi ya nyuzi, HiGHS huchukua takriban nusu ya zile mashine inazotangaza. Wengi hupima "uzi mmoja dhidi ya nyuzi nne" bila kujua kwamba ule uzi mmoja haukuwa mmoja.

Hatua ya 6: Mashindano ya mbegu kwa MIP

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Utafutaji wa mti wa MIP ndani ya HiGHS unatumia nyuzi katika sehemu chache tu; kazi kubwa ya kupita matawi inakwenda kwa uzi mmoja. Ndiyo maana seva yako ya viini 32 inaonyesha kiini kimoja kimejaa na 31 vimelala. Namba 32 uliyoandika haikukosewa, haina tu kazi ya kufanya.

Dawa yake ni hii. Solva za MIP zina tabia ya kubadilika sana kwa mabadiliko madogo. Badilisha mbegu ya nasibu, na tatizo lililochukua dakika 50 linaweza kuchukua 12, au 90. Badala ya kuomba bahati, endesha mbegu kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja kwenye kiini chake, na usimamishe zote pale moja inapomaliza.

```
from multiprocessing import get_context
import highspy

def kimbia(mbegu):
    h = highspy.Highs()
    h.setOptionValue("output_flag", False)
    h.setOptionValue("threads", 1)
    h.setOptionValue("random_seed", mbegu)
    h.setOptionValue("time_limit", 1800.0)
    h.readModel("air05.mps")
    h.run()
    i = h.getInfo()
    hali = h.modelStatusToString(h.getModelStatus())
    return mbegu, hali, i.objective_function_value, i.mip_dual_bound

if __name__ == "__main__":
    with get_context("spawn").Pool(4) as kundi:
        for jibu in kundi.imap_unordered(kimbia, range(1, 5)):
            print(jibu, flush=True)
            if jibu[1] == "Optimal":
                break
```

Mstari wa `if __name__` usiuache, hasa kwenye Windows. Bila huo, kila mtoto anazaa watoto wake, na Python itakurushia makosa au mashine itajaa michakato.

Jambo moja ambalo nasikitika kuona watu wanalitupa: hata kama hakuna mbegu iliyomaliza kabla ya muda kwisha, matokeo yao yanaunganika. Mbegu ya 2 inaweza kuwa na jibu zuri kuliko wote, na mbegu ya 4 ikawa na mpaka mkali kuliko wote. Zote zilikuwa zinatatua tatizo lilelile, kwa hiyo jibu la mmoja na mpaka wa mwingine ni halali pamoja. Mfano, ukipunguza gharama: mbegu ya 2 ina jibu 1,040 na mpaka 980, ya 4 ina jibu 1,075 na mpaka 1,021. Kila moja peke yake ina pengo la asilimia 5 hadi 6. Ukichukua 1,040 na 1,021, umebaki na chini ya asilimia 2.

Onyo la RAM: mbegu nne ni nakala nne kamili za modeli, pamoja na miti minne. Endesha moja kwanza, itazame kwenye htop (programu inayoonyesha matumizi ya RAM) baada ya nusu saa, zidisha kwa idadi ya mbegu, ndipo uamue.

Hatua ya 7: Ligawe tatizo lenyewe

Hapa ndipo viini vingi vinapolipa kweli, na ndipo ningependa utumie muda wako.

Chukua chama cha ushirika kinachotaka kuchagua maghala ya kufungua kati ya Iringa, Makambako, Njombe na Songea. Mavuno hayajulikani, kwa hiyo umeandaa hali 200 za mavuno kutokana na rekodi za miaka iliyopita. Ukiziweka zote kwenye modeli moja, una faili kubwa mno. Lakini tazama muundo wake: ukishaamua maghala yapi yafunguliwe, kila hali ya mavuno inabaki kuwa LP ndogo ya usafirishaji, isiyojua lolote kuhusu zile 199 nyingine. LP 200 huru unazigawa kwa viini 8 bila mzozo wowote.

Kosa la kawaida, na ni kosa zito: kutatua kila hali peke yake pamoja na uamuzi wa maghala, kisha kuchukua wastani. Utapata mipango 200 ya maghala inayotofautiana, na nusu ghala haijengwi. Uamuzi wa maghala lazima uwe mmoja kwa hali zote.

Njia sahihi ni ya Benders, iliyochapishwa 1962, na mzunguko wake ni huu:

1. Modeli kuu, yenye vigeu vya maghala tu na makadirio ya gharama za usafiri, inapendekeza maghala ya kufungua.
2. Wafanyakazi, kila mmoja kwenye kiini chake, wanatatua LP za hali walizogawiwa kwa maghala hayo.
3. Kila LP inarudisha gharama yake na bei kivuli za masharti, yaani kiasi ambacho gharama ingeshuka kama ghala lingeongezewa nafasi kidogo.
4. Kutokana na bei hizo unaongeza sharti jipya kwenye modeli kuu, linalosema "ukichagua hivi, gharama haiwezi kuwa chini ya kiasi hiki".
5. Modeli kuu inakupa mpaka wa chini, mipango iliyojaribiwa inakupa jibu. Pengo likiwa dogo vya kutosha, simama. La sivyo, rudi 1.

Vidokezo viwili vya vitendo. Kwanza, ongeza kwenye kila LP ndogo kigeu cha upungufu chenye adhabu kubwa ya gharama, ili LP isikose jibu hata maghala yakiwa machache. Hili litakuepusha na nusu ya maumivu. Pili, usisome faili upya kila mzunguko. Mfanyakazi apakie modeli mara moja, kisha abadilishe mipaka ya masharti tu kwa changeRowBounds. Simpleksi itaendelea kutoka pale ilipoishia, na mara nyingi itahitaji hatua chache tu.

Usigawe hali 25 kwa kila kiini kwa mkono. Hali nyingine ni ngumu kuliko nyingine, na utakuta viini saba vimekaa vikingoja kimoja. imap_unordered humpa kazi yule aliyemaliza, kwa hiyo iachie igawe yenyewe.

Bado kuna sehemu isiyogawanyika, nayo ni modeli kuu. Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967. Kama asilimia 10 ya kazi lazima iende kwa uzi mmoja, viini 8 vinakupa kasi mara 4.7, viini 32 vinakupa mara 7.8, na hata ukileta viini elfu hutavuka mara 10. Ukiona modeli kuu ndiyo inayochelewesha, elekeza nguvu huko.

Hatua ya 8: Klasta, kwa wanaoihitaji kweli

Kama uko kwenye sura ya tatu, modeli imekazwa vizuri, haigawanyiki, na uthibitisho unahitajika, ndipo utafute programu inayogawa mti wenyewe. Ninayoipendekeza ni UG kutoka Zuse Institute Berlin, inayotumia solva ya SCIP. Ina sura mbili: FiberSCIP kwa mashine moja yenye nyuzi nyingi, na ParaSCIP kwa klasta inayotumia MPI, njia ya michakato kwenye kompyuta tofauti kuwasiliana.

```
fscip default.set tatizo.mps -sth 8
mpirun -n 64 parascip default.set tatizo.mps
```

Katika amri ya pili, mchakato mmoja ni msimamizi anayegawa matawi, hivyo wanaotatua ni 63. UG pia inaweza kuanza kwa mashindano ya mipangilio kama yale ya hatua ya 6, kisha ikachukua mti wa mshindi na kuugawa kwa wote. Washa Checkpoint (kuhifadhi kazi iliyofikiwa) kwenye faili la mipangilio, kwa sababu klasta nyingi hukata kazi baada ya saa kadhaa, na umeme nao haukupi taarifa. ParaSCIP imewahi kutumia hadi viini 80,000 kwenye kompyuta kuu ya Titan kule Oak Ridge, Marekani, na kumaliza matatizo ya MIPLIB yaliyokuwa hayajawahi kutatuliwa na yeyote. Pamoja na nguvu hiyo yote, kwa kazi zetu za kila siku hatua ya 4 na ya 7 zimenifikisha mbali kuliko klasta yoyote.

Mambo yakikwama

*Programu inakufa na neno "Killed".* RAM imeisha. Punguza idadi ya mbegu au wafanyakazi. Usitegemee swap (diski inayotumiwa kama RAM), mashine itakwama kiasi kwamba hata terminali haitajibu.

*Nyuzi 8 ni taratibu kuliko 4.* Hesabu viini halisi tena. Kisha angalia kama kuna usambamba juu ya usambamba: wafanyakazi 8, kila mmoja na solva yenye nyuzi 8, ni nyuzi 64 zinazogombania viini 8. Kila mfanyakazi awekewe "threads" kuwa 1. Kama unatumia NumPy humo ndani, weka pia OMP_NUM_THREADS=1 kabla ya kuanza.

*Jibu la leo si la jana.* Kama thamani ya lengo ni ileile na mpango ndio tofauti, tatizo lako lina majibu bora zaidi ya moja, na hilo ni jambo la kawaida. Kama thamani nayo inatofautiana, angalia kama ulisimamishwa na muda au na pengo. Kikomo cha muda hukata mahali tofauti kila siku kutegemea mashine ilikuwa na kazi gani nyingine.

*Solva inasema "Infeasible" na una hakika jibu lipo.* Chukua mpango halisi unaotumika kazini, funga vigeu vyote kwenye thamani zake, endesha. Kisha ondoa masharti kundi kwa kundi mpaka modeli ikubali. Kundi lililoondoka mwisho ndilo lenye kosa. Mara nyingi utakuta kilo zimechanganywa na tani.

*Umeme ulikatika baada ya saa tisa.* Safari ijayo weka "mip_improving_solution_file" ili kila jibu jipya liandikwe kwenye diski. Ukiwa kwenye seva ya mbali, endesha ndani ya tmux. Mtandao ukikatika kazi inaendelea.

*Mbegu zote nne zimeganda kwenye mpaka uleule.* Mashindano hayatakusaidia hapo, maana udhaifu uko kwenye modeli. Rudi hatua ya 4.

Ukikwama kabisa na unataka kuuliza, ambatanisha logi nzima ya uzi mmoja kuanzia mstari wa kwanza, matokeo ya lscpu na free -h, toleo la HiGHS, na faili la MPS kama si siri ya kazini. Picha ya skrini ya mistari mitano ya mwisho haitoshi, kwa sababu ninachotafuta mara nyingi kiko juu kabisa: solva ilipunguza masharti mangapi kabla ya kuanza, na namba kubwa na ndogo kwenye modeli yako zinapishana kwa kiasi gani.